Tangazo la Biashara na Amana ya Mwuzaji

Ijumaa moja, baada ya sala, ndugu mmoja mwenye duka la nguo alinijia na swali zito. Wenzake wa mtaa ule wamebandika karatasi milangoni zisemazo kwamba bei imepunguzwa, na hali bei haikupungua hata senti moja. Wateja wanakwenda kwao. Yeye asipofanya vile, watoto wake watakula nini? Akauliza tena: Je, kutangaza biashara kwakubaliwa na Uislamu, au ni hila tu ya kuwatoa watu fedha kwa vitu wasivyovihitaji?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na wako wanaoishika methali hii wakadhani kila kinachotangazwa ni kibovu. Sivyo. Mkulima hawezi kujua kwamba iko mbegu inayostahimili ukame mpaka aambiwe, wala mgonjwa hawezi kuifuata dawa asiyoisikia. Mpiga mbiu wa zamani alipopita mitaani kutoa habari, watu walimshukuru. Kupeleka habari ya kweli kwa mwenye haja nayo ni msaada, hata kama mpelekaji anapata faida.

Basi ubaya uko wapi? Imepokewa katika Sahihi Muslim ya kwamba Mtukufu Mtume s.a.w. alipita penye rundo la nafaka sokoni, akaingiza mkono wake ndani, na vidole vyake vikapata unyevu. Mwenye nafaka akajieleza kwamba imenyeshewa na mvua. Mtukufu Mtume s.a.w. akamwuliza kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa ili watu waione, kisha akaeleza kuwa mwenye kudanganya hana sehemu naye. Tazameni sana jambo hili. Katika habari hii mtu yule hakutamka neno la uongo. Alinyamaza tu, na nafaka kavu ikakaa juu. Na matangazo mengi ya zama zetu, ya redioni, ya magazetini na sasa ya kwenye simu, ni kazi hiyo hiyo ya kupanga nafaka kavu juu. Tena Mtukufu Mtume s.a.w. alikataza najshi, yaani mtu kupandisha bei ya kitu asichotaka kukinunua ili kumhadaa mwingine. Wale wanaolipwa leo kusifu bidhaa wasiyoitumia wajipime wenyewe kwa kipimo hicho.

Wako watakaosema haya ni mambo madogo ya sokoni. Nitaje moja lililowafikia watoto wachanga. Kwa miaka mingi kampuni za maziwa ya kopo zilitangaza bidhaa zao katika Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Zilitumia wanawake waliovaa mavazi kama ya wauguzi, na kuwapa kina mama makopo ya bure hospitalini. Mama alirudi nyumbani, kopo likaisha, na maziwa yake mwenyewe yalikuwa yamekwisha kukauka kwa kutonyonywa. Kununua kopo jingine hakuweza, akayazimua yale machache kwa maji mengi, na mara nyingi maji yenyewe hayakuwa safi. Mtoto akaharisha na kukonda, na wengi walikufa. Mwaka 1974 shirika la War on Want la Uingereza lilichapisha taarifa juu ya jambo hili. Mwaka 1977 watu wa Marekani wakaanza kususia bidhaa za Nestlé. Na Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha kanuni ya kukataza matangazo hayo kwa umma na kuwagawia kina mama makopo ya bure. Nchi 118 zilikubali, 3 hazikupiga kura, na Marekani peke yake ikapinga. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2012. Maziwa ya kopo si haramu. Yako makopo yaliyookoa yatima. Lakini Kurani Tukufu, katika Sura Al-Baqara, ilikwisha kueleza unyonyeshaji wa miaka miwili kamili, na haikuuza kitu.

Hata hivyo nisimwachie mnunuzi aondoke bila lawama. Sura Ibrahim yatueleza kwamba hukumu itakapokwisha kutolewa, Shetani atawaambia wafuasi wake ya kuwa hakuwa na mamlaka juu yao. Yeye aliwaita tu, nao wakamwitikia. Tangazo nalo huita tu. Mama yule wa maziwa ya kopo alidanganywa juu ya afya ya mwanawe, naye ana udhuru. Lakini mtu mwenye redio nzima anayekopa ili apate nyingine mpya kwa sababu jirani anayo, huyo amedanganywa na nani? Mlango aliufungua mwenyewe, kwa ile tamaa ya kushindana kwa wingi inayolaumiwa katika Sura Al-Takathur. Kwa hiyo mwaka 1934, Khalifatul Masih II r.a. alipoanzisha Tahrik-i-Jadid, hakungoja wauzaji watubu. Aliwataka Waahmadiyya wale chakula cha aina moja, wanawake wasitengeneze mapambo mapya, watu waache sinema, na akiba ipelekwe katika kuutangaza Uislamu nchi za mbali.

Nilimjibu yule ndugu kwamba aipunguze bei kweli, au asiibandike karatasi ile. Nikamkumbusha Hadithi ya kwamba wauzianao wakisema kweli na kubainisha hali ya bidhaa, hubarikiwa biashara yao, na wakificha, baraka hufutwa. Hakufurahi. Alisema baraka haimlipi mwenye nyumba mwisho wa mwezi. Siku chache baadaye nikapita dukani kwake, nikaona ameandika kwa mkono juu ya majora matatu: yana doa la maji, bei nusu.