Bwawa la Samaki Katika Nchi ya Kiu

Ndugu mmoja katika darsa yetu aliuliza: mtu aliye katika nchi kavu, akajaaliwa kisima ndani ya ua wake, akapanda mboga na kufuga samaki, naye asikia mbuzi wa watu wakilia kwa kiu nje ya lango lake, je, ana makosa mbele ya Mwenyezi Mungu? Waliokuwapo walijibu upesi. Baadhi walisema mali ni yake, asiulizwe; wengine wakasema huyo ni dhalimu. Mimi nalinyamaza, kwa kuwa jambo hilo nalikuwa nimeliona kwa macho yangu, wala halikuwa jepesi hivyo.

Mwezi wa Septemba nalikuwa Garbatulla, mashariki ya mji wa Isiolo, mgeni wa Mborana mmoja ambaye sina haja ya kumtaja jina. Sisi watu wa pwani tukilisikia jina la nchi ile twafikiri ngamia na vumbi tu, na tukitajiwa bustani huko twacheka. Kucheka huko ni ujinga wetu. Wakati wa Vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, watu wale walipotewa na mifugo isiyo na idadi, wakakusanywa vijijini chini ya ulinzi, na wengi walitoka humo mikono mitupu. Baada ya hapo wengi walishika kilimo cha kumwagilia maji mahali kama Malka Daka na Rapsu. Kisha katika ukame ulioanza 2020, misimu mitano ya mvua ilifuatana bila ya mvua ya kutosha. Basi mtu wa huko apandapo sukumawiki na mpapai hachezi. Ameshaona jinsi mali ya miguu minne iwezavyo kumwishia machoni pake.

Mwenyeji wangu alikuwa amechimba bwawa la mita 6 kwa 4, kina chake chafika kiunoni, akalitandika plastiki ili ardhi isiyanywe maji, na ndani yake ana perege na kambare. Kila siku baada ya Swala ya Alfajiri huwatupia chakula, huondoa majani yaliyoanguka, kisha huteka maji machafu ya chini akayamwaga mashinani mwa mboga, maana uchafu wa samaki ni mbolea. (Wazee wetu wa Lamu nao walikuwa wakiweka visamaki katika mabirika ya nyumbani ili vile viluwiluwi vya mbu, kwa hivyo samaki uani si jambo geni kwetu.) Lakini alinionyesha pia kijiti alichokisimamisha majini, chenye alama. Jua na upepo wa siku zile, kabla ya mvua za vuli waziitazo hagaya, huondoa upana wa kidole kimoja kila siku mbili tatu. Nalipiga hesabu: kwa bwawa kama lile ni kadiri ya lita 360, yaani madebe 18, yaendayo hewani bila ya kunywewa na mtu, mnyama wala mmea. Na kila yakipungua hujaziwa kutoka kisimani.

Siku ya tatu alisimama langoni mzee mmoja na mbuzi wapatao 30. Yeye mwenyewe alikwisha kupewa maji ya kunywa. Alikuwa akiwaombea mbuzi. Mwenyeji wangu aliliangalia bwawa, akaniangalia mimi, akasema, "Sheikh, nikiwapa hawa, kesho watakuja mia. Na samaki nao ni roho."

Neno hilo tusilidharau. Aliyemfunga mnyama kwake yampasa amtunze, na samaki hawezi kutoka kwenda kujitafutia. Na wanavyuoni wa madhehebu yetu wamepambanua vizuri. Imamu Nawawi katika Minhaj ameeleza kuwa maji yaliyozidi haja ya mwenye kisima ni wajibu kuwapa wanyama wa watu, wala si wajibu kuyatoa kwa mimea yao. Washereheshaji wakaongeza kuwa wajibu huo ni wa maji yaliyo bado mahali yatokapo. Ama yaliyokwisha kutekwa yakatiwa chomboni, hayo ni milki ya aliyeyateka, ila pakiwa na dharura.

Kwa dhahiri ya maneno hayo mwenyeji wangu ameokoka, maana maji ya bwawani ni maji yaliyotekwa. Na hapa ndipo niuonapo mlango wa hila. Maji yakiwa kisimani, mbuzi wa mzee yule wana haki ndani yake. Yakipita katika mpira hatua ishirini, haki hiyo imekufa. Basi mwenye kutaka kumnyima jirani hana haja ya kukataa. Yatosha ajaze mapema. Kisima hakitakuwa na ziada, naye atasema kwa ulimi wa fakihi kwamba hakumnyima mtu. Sidhani kuwa Imamu alikusudia hayo. Haja ina mpaka wake: kuwaweka samaki hai ni haja, kujaza bwawa hadi ukingoni lipendeze macho, hali wanyama wa watu wanaanguka, si haja. Na yale madebe 18 ya hewani, mimi nashindwa kuyatia katika fungu lolote la haki yake.

Ama hofu ya kuja mia, ni hofu ya kweli. Lakini Waborana wenyewe wana dawa yake ya zamani. Katika visima vyao aliyechimba, konfi, hutangulia, na mtu aitwaye aba herega hupanga zamu, kila kundi na siku yake. Nalimwuliza mwenyeji wangu kwa nini desturi hiyo isiingie uani mwake. Akacheka, akasema ukuta ndio ulioifukuza.

Nasi wa Mombasa tusijitoe. Maji ya Mzima na Baricho yakiwa haba, mashine zetu hunguruma usiku zikivuta bomba la mtaa mzima hadi matangi ya darini yajae. Asubuhi jirani anunua mtungi wa lita 20 kwa mwenye mkokoteni, nasi twamwambia bila ya haya kwamba maji haya yamo ndani ya tangi letu.

Mbuzi wale 30 walikunywa madebe 6. Jioni ile mwenyeji wangu aliwavua perege wakubwa tukala, akatandaza makuti juu ya bwawa kuzuia jua, akayaacha maji yashuke. Kambare hustahimili maji machache kwa kuwa huweza kuvuta hewa ya juu. Nje ya ukuta aliweka josho la kunyweshea, akamwambia mzee arudi baada ya Alasiri, siku baada ya siku. Nalipoondoka alikuwa amekata alama mpya kwenye kijiti, chini ya ile ya kwanza.