Mwenye Kuua, Naye Auawe?



Tarehe 13 Machi 2024 Wizara ya Sheria iliandika barua ya kurudisha kazi ya kuua watu waliohukumiwa kifo, kazi iliyosimama tangu 2003. Wakristo wengi walishangilia. Wanasema bandi anayeua watu usiku mjini, naye afe, na wanatuonyesha Mwanzo 9:6. Ni kweli, andiko lipo, damu inadaiwa kwa damu. Mimi shemasi siwezi kulifuta.

Lakini anayesoma hapo asome na Hesabu 35:30: ushahidi wa mtu mmoja hautoshi kumwua mtu. Na Kumbukumbu la Torati 17:7 inataka mashahidi wenyewe watangulie kutupa jiwe. Fikirini neno hilo. Aliyesema «nilimwona» anatia mkono wake katika kile kifo. Kama alisema uongo, damu iko juu yake. Kwetu nani anatangulia? Shahidi amekwisha kurudi nyumbani, mwamuzi anatia sahihi, na askari maskini ndiye anayepewa bunduki.

Na hukumu za wanadamu tunazijua. Tarehe 3 Oktoba 1921, huko Thysville, mahakama ya kijeshi ya Wabelgiji ilimhukumu Tata Simon Kimbangu afe, naye hakuwa ameua hata kuku wa mtu. Mfalme Albert alibadili hukumu kuwa kifungo cha maisha. Tata alikaa gerezani Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mpaka alipofariki mwaka 1951. Mwaka 2011 mahakama kuu ya kijeshi ya Kinshasa ilifuta hukumu ile. Karatasi imefutwa, sawa. Ile miaka 30 nani ataifuta?

Mtu atajibu: hayo ni ya wakoloni. Haya, tuangalie ya kwetu. Rais Laurent-Désiré Kabila aliuawa tarehe 16 Januari 2001, na Januari 2003 mahakama ya kijeshi ilihukumu watu karibu 30 wafe. Mpaka leo wananchi wengi hawasadiki kwamba ukweli wote ulitoka. Kanali Eddy Kapend, mmoja wao, alisema siku zote kwamba hana hatia. Alisamehewa na rais, akatoka Januari 2021. Angalipigwa risasi 2003, msamaha ule ungalisomwa juu ya kaburi.

Sisemi mwuaji aachiliwe! Mama aliyezika mtoto wake huko Beni asifundishwe kusamehe na mtu ambaye hajafiwa. Lakini mkimsikiliza vizuri, mara nyingi analilia jambo lingine: anaogopa kukutana na mwuaji sokoni mwezi ujao, kwa sababu mlango wa gereza umefunguliwa kwa dola. Hapo Hesabu 35:31 inasema wazi, inakataza kupokea mali ili kumwokoa mwuaji. Mstari huo hatuuhubiri, na ndio unaotugusa, kwa maana wanaotoa hizo dola ni jamaa, na wengine wanakaa pamoja nasi hekaluni.

Wiki hii kila jamaa isome Hesabu 35 yote. Jumapili tutaendelea na miji ya makimbilio.