Chakula cha Kujaza na Chakula cha Kujenga

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuamrisha kula vilivyo halali na vizuri. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad:

Ndugu Waislamu, wengi wetu hudhani kuwa mtu akishiba amekwisha kula. Dhana hii si sahihi, na madhara yake huwaangukia watoto.

Na tutazame bara, katika nchi ya Abagusii, yaani kaunti za Kisii na Nyamira. Ni nchi ya vilima, mvua na migomba. Lakini ardhi imekuwa haba: kwa hesabu ya mwaka 2019, Kisii ilikuwa na watu zaidi ya 900 katika kila kilomita ya mraba. Shamba la babu limegawanywa kwa wana, na la wana kwa wajukuu, na sehemu yake hupandwa chai ya kuuza. Msafiri huona majani mabichi kila upande, akasema hapa hapana njaa. Ndizi zipo, nazo hujaza tumbo. Ila kuujenga mwili ni kazi nyingine. Gramu 100 za ndizi zilizopikwa zina protini kama gramu 1 tu, na maharage yaliyopikwa, kwa uzito huo huo, yana kama gramu 8.

Kwa protini hujengwa misuli, damu na ngozi, na kwayo mwili hupigana na maradhi. Mtu mzima yamtosha gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60, basi, gramu 48. Mja mzito na mwenye kunyonyesha wahitaji zaidi. Mwenye maradhi ya figo na amuulize tabibu wake.

Wazee wa Gusii waliyajua haya kwa vitendo. Sima yao ya wimbi, waiitayo obokima, huliwa kwa maharage, au kwa dagaa wa Ziwa Victoria waitwao omena, au kwa chinsaga, ndiyo mgagani wetu, iliyotiwa maziwa. Nafaka ina upungufu wa laisini, ambayo mwili hauwezi kujitengenezea, na maharage yanayo kwa wingi. Kimoja humtimiza mwenzake. Katika kabila hilo ndimo alimotoka Naftali Temu, aliyeipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, katika mbio za mita 10,000, mjini Mexico, mwaka 1968. Basi kijana anayetumia mshahara wake kununua makopo ya unga wa protini na ajue kuwa mwili hauulizi bei. Kunde, yai na samaki, pamoja na mazoezi, vyamtosha.

Amepungukiwa zaidi ni mtoto aliyeachishwa ziwa. Mwaka 1935 Daktari Cicely Williams aliwajulisha matabibu wenzake jina la kwashakoo, tuuitao unyafuzi, ambalo kwa lugha ya Waga wa Ghana ni maradhi ya mtoto anayeondolewa kifuani mdogo wake anapozaliwa. Miguu huvimba, nywele hufifia. Wataalamu wa leo wasema sababu zake si protini peke yake. Lakini chakula duni ndiyo njia yake. Nasi tunasoma katika Suratul Baqara, aya ya 233, habari ya kunyonyesha miaka miwili kamili, na kwamba chakula cha mama anyonyeshaye ni juu ya baba.

Wala tusiwanyoshee kidole watu wa bara. Uchunguzi wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika Kenya nzima watoto 18 kwa kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Kaunti iliyozidi zote ni Kilifi, pwani yetu hii: watoto 37 kwa kila 100. Na bahari i mbele yetu, ambayo katika Suratun Nahl, aya ya 14, Mola atukumbusha nyama yake mbichi!

Maradhi na maji machafu yana sehemu yake, na ufukara una sehemu yake, fukara hatumlaumu. Tunamsema mwenye kupata. Nyumba ngapi minofu ya samaki ni ya baba, na mtoto hupewa mchuzi? Nyumba ngapi mayai huuzwa ili inunuliwe sukari, na mtoto akaenda chuoni kwa muhogo na chai ya mkandaa? Nafaka ya mke na mtoto si hisani, ni wajibu, nasi tutaulizwa. Anayeshindwa na nyama asishindwe na mbaazi, kunde na dagaa. Na kilicho kidogo kigawanywe kwa uadilifu, aanze mdogo.

Ewe Mola, turuzuku cha halali, na utupe moyo wa kukigawa. Amin.