Sufuria na Dhamiri

Makopo matupu ya soda na bia yanapookotwa mitaani yakayeyushwa kuwa sufuria, twaona ni kazi njema. Kuyeyusha alumini kuukuu hutumia kama sehemu 5 tu katika 100 za nguvu zinazotakiwa kuipata mpya kutoka ardhini, na kijana asiye na kazi hujipatia riziki ya halali. Hatuandiki ili kumlaumu.

Kazi hiyo ina ujuzi wake. Alumini huyeyuka kwa joto la digrii 660, lakini ganda jembamba linaloifunika haliyeyuki. Basi fundi hutia chumvi ya kawaida iliyochanganywa na ile ya potasiamu. Ganda huvunjika, matone huungana, uchafu huelea juu ukaenguliwa. Kilichobaki hung'aa kama fedha, na mtazamaji hudhani kila kibaya kimekwisha kutoka.

Sivyo. Chumvi haiondoi risasi. Nayo risasi haitoki katika makopo, bali katika vipande vya injini, rejeta za magari na vyombo vya umeme vinavyotupwa humo humo tanurini. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulipima vyombo 42 vya kupikia vya namna hii kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwamo, na zaidi ya theluthi moja vilionekana kuwa na hatari ya risasi. Sumu hiyo huharibu akili ya mtoto polepole, bila maumivu, na mama humpa pamoja na uji asijue.

Je, fundi ana dhambi? Katika karne ya 13 Mtakatifu Tomaso wa Akwino, akiandika juu ya biashara, alifundisha kwamba auzaye kitu chenye ila asiyoijua hatendi dhambi. Lakini siku atakapoijua, yampasa kumfidia mnunuzi hasara yake. Hukumu hiyo ni ya haki, tena ni nzito kuliko inavyosikika, maana wako wapendao wasiambiwe kitu. (Nasi wanunuzi tumo, tunaobishania bei hata senti ya mwisho, kisha twastaajabu fundi akitia tanurini kila apatacho.)

Fundi aliyesoma maneno haya, au aliyesomewa na mwanawe, amekwisha kujua. Ayeyushe makopo peke yake kwa ajili ya sufuria; vyuma vya magari avitengee kazi nyingine, isiyogusa chakula. Sufuria hiyo itamgharimu zaidi. Basi sisi tuilipe.