Majani Mengi, Punje Mapepe

Mkulima mmoja wa Kongwa, Dodoma, aliuza mbuzi wawili akanunua mfuko wa mbolea ya UREA wa kilo 50. Ekari yake ya kichanga ilikuwa imelimwa mtama miaka nenda rudi. Mabua yaliliwa na ng'ombe, samadi ikabaki zizini. Palizi ya kwanza ilipofika aliumwaga mfuko wote, juu juu, jua likiwaka.

Bibi wa shamba la jirani akamwita mpakani. "Mwanangu, mbona wamaliza chakula chote leo, na mvua yenyewe hatujaijua?"

"Bibi, udongo umechoka. Ukishiba utazaa tu."

Kwa kweli mtama ulipendeza. Ulikoza kijani, ukarefuka, wapita njia wakasimama kuutazama. Mwezi wa pili mvua ikakatika, kama inavyokatika mara nyingi Dodoma. Majani yale mapana yalikuwa yamekwisha kunywa akiba ya maji udongoni kabla punje hazijajaa. Masuke yakawa mapepe, na mabua membamba yakalala kwa upepo.

Mfuko ule ulikuwa na kilo 23 za naitrojeni, na fosforasi hata chembe haikuwemo. Naitrojeni ndiyo inayonawirisha majani. Fosforasi ndiyo inayosaidia mizizi kushika mapema na kwenda chini. Mtama ulinyimwa mizizi ukapewa majani ya kulisha. Tena UREA ikiachwa juu ya udongo wenye joto, sehemu yake hugeuka amonia na kupotelea hewani. Mbuzi wale, kwa kiasi fulani, waliuzwa ili kulisha upepo, na hilo linaniuma.

Bibi alikuwa amefukia samadi iliyooza kabla ya mvua. Alipopanda alitia DAP, mbolea yenye fosforasi, kizibo kimoja cha soda kwa kila shimo, kando kidogo ya mbegu isije ikaungua. Mtama ulipofika magotini, udongo ukiwa na unyevu, alikuzia kwa UREA kidogo na kuifukia papo hapo. Kipimo hicho cha kizibo ndicho taasisi ya utafiti wa mazao ya ICRISAT ilichokieneza kwa wakulima wa mtama na uwele katika nchi za Sahel, kwa kuwa huko nako maji na fedha ni haba. Mtama wa bibi haukusimamisha mtu njiani, ila masuke yake yalijaa.

Kilichonisikitisha zaidi kilikuja baadaye. Majirani walitazama hasara ile wakasema mbolea inaua shamba. Msimu uliofuata wengi wakapanda bila kitu, hata samadi. Gugu la kiduha likawavamia. Mzizi wa mtama wenye njaa ya fosforasi hutoa kwa wingi zaidi kemikali zinazoamsha mbegu za kiduha, nacho huunasa na kuunyonya kabla hakijachomoza juu. Kila mmea wa kiduha ulioachwa ukakomaa hudondosha maelfu ya mbegu, na mbegu hizo zaweza kungoja ardhini miaka kumi na zaidi.