Mashine Zikinyamaza, Ingieni Kivulini



Himidi zote ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, enyi waja wa Mungu mnaoamka Kisenyi kabla ya alfajiri na kufunga milango usiku mteja wa mwisho akishaondoka, nawausia na kuiusia nafsi yangu tumche Mungu. Na leo nina wasia mmoja tu: utulivu mkiletewa, upokeeni.

Nasema mkiletewa, maana hapa kwetu hakuna anayeuza utulivu wala anayejua pa kuununua. Tuko bondeni. Old Kampala juu yetu, Mengo upande wa pili, soko la Owino mlangoni, na kila kinachoteremka kutoka vilimani kinaishia kwetu: mizigo, magari, maji ya mvua, watu waliokosa pa kwenda. Mashine za kusaga zinanguruma tangu asubuhi. Mabasi ya mikoani yanapiga honi. Mganda anapima mahindi, Msomali anamimina chai, Mkongomani anakunjua vitenge, na wote hao lazima wapaze sauti ndipo wasikilizane. Ukizoea kupaza sauti mchana kutwa, jioni unamfokea mkeo bila kukusudia. Watoto wetu wanatujua kwa kelele zetu.

Lakini mnajua kinachotokea umeme ukikatika. Ngurumo inashuka, inakuwa mvumo, kisha inakatika. Vumbi la unga linaning'inia hewani, halina haraka, linatua kwenye kope za watu. Ghafla unamsikia mtu akikohoa duka la tatu. Kuna mtoto analia ng'ambo ya barabara, na yaelekea alikuwa akilia muda wote.

Sasa tujiulize kwa ukweli: tunafanya nini saa ile? Tunalaani. Kabla unga haujafika sakafuni, mikono iko mifukoni inatafuta simu. Mwingine anapiga kelele jenereta iletwe, mwingine anahesabu hasara kwa sauti ili wenzake wamsikie. Sisemi hasara si hasara. Mteja wa Entebbe anayesubiri unga wake hatalishwa kwa maneno yangu. Ninachosema ni kwamba umeme hauji upesi kwa sababu umelaani, na dakika zile zimekwisha kupita.

Nilimwona mzee mmoja, mpagazi, umeme ulipokatika adhuhuri imekaribia. Alifungua kitambaa alichojifunga mdomoni, akavuta jerikeni, akachuchumaa ukingoni mwa mtaro. Akaanza na mkono wa kulia. Maji yalipogusa unga ukawa kama uji, ukachuruzika hadi kwenye kiwiko, na nyuma yake ngozi ikatokea. Mkono wa kushoto vilevile. Alipofika usoni alikaa kitambo, viganja viwili vimefunika macho, na hakuna aliyemwita. Saa nzima kabla ya hapo jina lake lilikuwa likiitwa kila upande.

Someni Surat al-Qasas, kisa cha Musa, amani imshukie, alipofika Madyan. Mtu huyu ametoroka Misri, roho ya mtu imepotea mkononi mwake, na wakubwa wa Firauni wanashauriana wamwue. Hana nyumba, hana kazi, hana chakula. Anafika kisimani, anakuta msongamano: wachungaji wanasukumana, kila mmoja na wanyama wake, na pembeni wanawake wawili wanawazuia kondoo wao kwa sababu hawawezi kupenya. Je, hiyo si Kisenyi? Musa anawanyweshea wanyama wao. Akishamaliza, hakudai ujira, wala hakukimbia zaidi ingawa alikuwa na kila sababu ya kukimbia. Qur'ani inatuambia alijitenga akaenda kivulini, akamwambia Mola wake kwamba yeye ni mhitaji wa kheri yoyote atakayomteremshia. Basi. Kivuli hakukipanga, alikikuta hapo. Na mmoja wa wale wanawake alimjia akitembea kwa haya, na mwaliko wa baba yake ukamfungulia kazi, ndoa na usalama. Mimi siwaahidi kwamba ukikaa kivulini utapata kazi. Naomba muangalie mtu mwenye shida kubwa kuliko zenu zote, jinsi alivyojua kusimama.

Na muangalie pia upande wa pili. Madina, siku ya Ijumaa, Mtume, rehema na amani zimshukie, yuko juu ya mimbari, na msafara wa biashara unaingia mjini. Watu walitoka kuukimbilia. Sahaba Jabir amesimulia kwamba waliobaki walikuwa 12 tu. Walikuwa watu wema, ndugu zangu, wengi wao bora kuliko sisi, na bado sauti ya biashara iliwanyanyua. Ndipo ikashuka aya ya mwisho ya Surat al-Jumu'a. Ikiwa wao walinyanyuliwa huku Mtume amesimama mbele yao, sisi simu zetu zitatufanya nini?

Adhana ni mwito tunaoujua saa yake. Hapa ikweta adhuhuri haihami sana, mwaka mzima inazunguka karibu na saa saba mchana, na mnara wa msikiti wa Old Kampala uko pale hata kiziwi anauona.  Lakini zipo saa Mungu anazokuletea bila mwadhini: foleni isiyosogea, mteja aliyechelewa, mvua iliyokukamata chini ya bati la jirani usiyemfahamu. Wewe wa bodaboda uliyekaa steji abiria hakuna, acha kuiona saa hiyo kuwa nuksi. Vuta pumzi. Mtaje Mola wako. Mwulize mwenzako wa kushoto mama yake amepona?

Sasa nageukia wenye mashine na wenye maduka, na hapa nasema kwa uchungu. Mpagazi analipwa kwa gunia. Umeme ukikatika halipwi, na bado mnamwambia afagie, apange, akachote maji. Utulivu aliopewa na Mungu mnamnyang'anya ninyi. Kumbukeni nani aliileta dini hii Buganda. Ni mtu wa biashara, Ahmed bin Ibrahim, aliyefika kwa Kabaka Ssuuna mwaka 1844. Alipoona watu wakiuawa kwa amri ya mfalme, aliinuka akamkumbusha kwamba wale wameumbwa na Mungu. Alikuwa ugenini, na faida ya safari yake yote ilikuwa mikononi mwa huyo aliyemkemea. Nyinyi mna hofu gani ya kumwachia mtu robo saa?

Basi wekeni maji safi mlangoni na mkeka mmoja ndani. Mpagazi akiwa Mkristo, na akae tu, asiulizwe. Asikatwe shilingi. Na umeme ukirudi naye bado yuko kwenye rakaa ya mwisho, msiwashe mashine mpaka atoe salamu.