Sketi ya Albert Cashier

Wewe uliyekabidhiwa mzee, nyumbani au wodini, kisikilize kisa hiki kabla hujamvua nguo alizozizoea.

Agosti 1862, Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vikiwa vimepamba moto, kijana mfupi mzaliwa wa Ireland alijiandikisha katika kikosi cha 95 cha askari wa miguu wa Illinois. Jina alilotoa ni Albert Cashier. Alilopewa utotoni ni Jennie Hodgers, jina la kike. Kusoma na kuandika hakujua, akatia alama ya X. Ukaguzi wa afya ulikuwa wa juujuu, wala hakuna aliyemwambia avue nguo. Akapita. (Kiswahili chetu hakiniulizi kila sentensi kama huyu ni mume au mke. Nashukuru, maana ningekuwa namvua nguo upya kila mstari.)

Alipigana Vicksburg, akapigana Nashville, na mapambano ya kikosi chake yalifika kama arobaini. Inasimuliwa kwamba huko Vicksburg alikamatwa, akampokonya mlinzi bunduki, akarudi mbio kwa wenzake. Miaka mitatu walikula na kulala naye, wasijue. Vita vilipokwisha 1865 aliendelea kuishi kama mwanamume, mwishowe katika mji mdogo wa Saunemin: akifanya vibarua vya shamba, akifagia kanisa, akiwasha taa za barabarani, akipokea pensheni yake ya askari.

Uzeeni aligongwa na gari, mguu ukavunjika. Daktari aliyemtibu akaona, mwenye gari naye akajua. Wote wawili wakanyamaza, na mwaka 1911 akapatiwa nafasi katika makao ya askari wazee huko Quincy. Nasema hawa walijua kutunza: waliuganga mguu, mengine wakayaacha kama walivyoyakuta.

Akili ilipoanza kumpotea, mwaka 1914 alihamishiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Watertown. Siri ikafika magazetini. Ofisi ya pensheni ikachunguza kama ilitapeliwa. Askari wenzake wakathibitisha kwamba huyu ndiye Cashier wao, na pensheni ikabaki. Waliolala naye hema moja hawakumdai kitu. Waliodai ni watu wa hospitali, ambao hawakupigana naye popote: wakamlazimisha avae sketi. Ana miaka sabini, hamsini na zaidi ameishi ndani ya suruali, na akili ya kujitetea inamtoka. Inasemekana alizibana sketi zile kwa pini katikati ya miguu, zifanane na suruali.

Sidhani walimchukia. Naamini walidhani wanamrudishia heshima yake, na hilo ndilo linalonitisha, kwa kuwa mwenye nia njema hajichunguzi. Hakuna aliyeketi akamwuliza mzee yule anataka avae nini.

Akajikwaa, akaanguka, akavunjika nyonga. Hakupona. Alifariki tarehe 10 Oktoba 1915, akazikwa Saunemin kwa heshima za kijeshi, amevaa sare yake.